Bando linaisha kabla ya siku zake: tafuta chanzo kwanza, ndipo uhame mtandao

Dukani kwangu Nkuhungu, Dodoma, ninakofanya kazi za steshenari na kusaidia watu kutuma maombi ya Ajira Portal, zabuni za serikali kwenye NeST na mkopo wa wanafunzi wa HESLB, haipiti wiki bila mtu kuja na swali lile lile: "Nihamie mtandao gani?" Anakuja ameshachoka. Bando la mwezi limekata siku ya kumi na mbili, au intaneti ya nyumbani inasuasua kila ikifika jioni, na jirani ameshamwambia kwamba kampuni fulani ndiyo mpango mzima. Namvutia kiti, namwomba anieleze dalili.

Si kwamba namzuia kuhama. Nimewasaidia wengi kuhama na wakapata nafuu ya kweli. Lakini kuhama kunaponya magonjwa mawili matatu tu. Mengine mtu anayabeba na kwenda nayo kwenye laini mpya, analipia rauta mpya, na bando linakata siku ile ile ya kumi na mbili. Hilo linaniuma, maana pesa ya intaneti kwa mwanafunzi au kwa mama anayeuza bidhaa zake kwa WhatsApp si pesa ya kujaribia bahati.

Chukua daftari, na kwa wiki moja andika mambo matatu: GB zilizobaki kila usiku kabla ya kulala, spidi ya saa kumi na moja alfajiri, na spidi ya saa tatu usiku. Spidi unaweza kuipima kwenye tovuti ya fast.com au programu ya Speedtest. Pima mara mbili tu kwa siku, kwa sababu kipimo chenyewe kinakula MB, na mtandao ukiwa na kasi kinakula zaidi. Jambo jingine ambalo watu huchanganya: spidi huhesabiwa kwa megabiti, ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hupakua GB moja kwa dakika kama 13 au 14, si chini ya dakika mbili kama wengi wanavyodhani. Kuna watu wamegombana na mtoa huduma kwa ajili ya hesabu hiyo tu.

Dalili: bando linaisha na hakuna anayejua nani kalitumia

Hii ndiyo inayoleta watu wengi zaidi, na ndiyo ambayo kuhama hakuisaidii hata kidogo. Anayekula bando yumo ndani ya nyumba.

Jaribio lake ni la usiku mmoja. Kabla ya kulala, fungua kivinjari na uandike namba iliyobandikwa chini ya rauta yako. Aghalabu ni 192.168.8.1, 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na neno la siri la kuingilia mara nyingi limeandikwa hapo hapo. Tafuta sehemu inayoonyesha matumizi ya data, nakili tarakimu iliyopo, kisha wote mlale bila kuzima rauta. Alfajiri soma tena. Nyumba iliyolala yenye simu tatu nne ikitumia MB 100 au 200 mimi siishangai. Ikiwa imekula GB nzima au zaidi, kuna kifaa ambacho hakilali.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja anayejenga Iyumbu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hawa watu wa mtandao wananiibia. Nimeweka GB 60 za mwezi, siku ya sita laini imekauka. Na pale saiti hakuna mtu, ni mlinzi na kitochi chake."

Nikamuuliza kama ameweka kamera. Ameweka, tena nzuri, ya sola yenye laini yake ndani, ili akiwa kazini Mtumba aone mifuko yake ya saruji. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Kamera inayotuma picha mtandaoni mfululizo kwa megabiti moja kwa sekunde, ambayo si picha kali sana, inafanya hivyo kwa sekunde 86,400 kwa siku. Gawanya kwa nane upate megabaiti 10,800. Ni GB 10.8 kila siku, karibu GB 324 kwa mwezi. GB 60 zikigawanywa kwa 10.8 haziifikishi hata jioni ya siku ya sita. Hakuna aliyemwibia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi niambie cha kufanya."

Tuliweka memori kadi kwenye kamera irekodi humo humo, tukazima utumaji wa mfululizo, tukaiacha itume kipande kifupi pale tu inapoona kitu kinatembea. Baada ya siku tatu akapiga simu kwamba bado inakula. Nikamwuliza kuna nini mbele ya kamera. Turubai. Hapa kwetu mnaujua upepo wa miezi ya kiangazi. Turubai lilikuwa linapepea kutwa na kamera inadhani ni mwizi. Tukaizungushia eneo la kuangalia, likabaki geti na rundo la saruji tu. Bando lile lile likamfikisha mwisho wa mwezi. Kama una kamera Nala, Iyumbu, Nzuguni au popote unapojenga, anzia hapo kabla hujamlaumu mtu.

Mlaji wa pili kwa ukubwa ni laptopu ya Windows. Ikiunganishwa na waifai ya nyumbani huona imefika kwenye intaneti isiyo na mwisho, na masasisho yake huja kwa GB. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, bofya jina la waifai yako, na uwashe swichi yenye neno "metered". Hapo Windows inajua kwamba data inahesabiwa na inapunguza mambo yake ya chinichini. Ukiwa huko huko, fungua sehemu ya masasisho utafute "Delivery Optimization", na uhakikishe haijaruhusiwa kugawa masasisho kwa kompyuta nyingine za mtandaoni. Swichi hiyo ikiwa wazi, kompyuta yako inatoa data yako kuwahudumia watu usiowajua. Mwanafunzi anayewasha hotspoti ya simu ili laptopu ifanye kazi ya chuo afanye hivi leo, asisubiri.

Kwenye simu, angalia kwanza kinachohifadhi nakala za picha na video. Google Photos na nakala ya WhatsApp vinaweza kupakia video zote za sherehe kwa usiku mmoja. Ndani ya WhatsApp, fungua mipangilio ya hifadhi na data, na uzime upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe. Mtu aliye kwenye makundi matatu ya kamati za harusi na mawili ya ukoo anapakua mengi asiyoyatazama kamwe. Android ina Kiokoa Data, iPhone ina hali ya kutumia data kidogo. Na kwenye mipangilio ya Android, pale penye matumizi ya data, badilisha tarehe ya kuanza kuhesabu iwe siku uliyojiunga na bando. Wengi wanalinganisha hesabu ya simu iliyoanza tarehe 1 na bando lililoanza tarehe 17, halafu wanasema hesabu haziingiani.

Televisheni haina siri: Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kawaida hutumia hadi GB 1 kwa saa, na picha kali ya HD hadi GB 3 kwa saa. Watoto wakitazama saa tatu kila siku kwa HD, hiyo ni GB 9 kwa siku. Shusha ubora wa picha kwenye akaunti yenyewe, maana ukishusha kwenye rimoti tu, kesho mtoto ataurudisha.

Kisha kuna neno la siri la waifai. Fundi wa dishi alipewa, mpangaji aliyehama alipewa, shemeji aliyekuja kwenye msiba alipewa na simu yake bado inalikumbuka kila anapopita. Kwenye ukurasa wa rauta kuna orodha ya vifaa vilivyoungwa. Vihesabu. Nyumba ya watu wanne ikiwa na vifaa kumi na moja, badilisha neno la siri na uzime WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kubonyeza kitufe bila kuandika neno la siri. Najua kwamba kumnyima mgeni waifai kwetu ni jambo zito, na sikushauri ufanye hivyo. Rauta nyingi zina mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Uwashe mgeni akifika, uuzime akiondoka, na heshima ya nyumba inabaki pale pale.

Dalili: GB bado zipo lakini intaneti haifunguki, au vocha inaliwa

Soma ujumbe uliopokea siku ya kujiunga. Mara nyingi GB zilizotajwa zimegawanywa: za kutumia kokote, za mitandao ya kijamii peke yake, na za usiku peke yake. Zile za kokote zikiisha, WhatsApp inaendelea na tovuti ya benki inagoma, na mtu anadhani simu imeharibika. Angalia salio la kila fungu kwenye menyu ya mtandao wako: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas *147*00#, Halotel *148*66#, TTCL *148*30#.

Vocha ikiliwa, maana yake bando lilikata na simu ikaendelea kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali mno. Kanuni za vifurushi ambazo TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilizitoa mwaka 2021 ziliwataka watoa huduma wamjulishe mteja matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, na wampe nafasi ya kuchagua kama anataka kuendelea kutozwa nje ya kifurushi. Ziliwataka pia wamruhusu mteja aendelee na uniti zilizobaki endapo atanunua tena kifurushi hicho kabla muda wake haujaisha. Kwa hiyo usingoje liishe muda. Ukiwa na GB nne na imebaki siku moja, jiunge leo. Na kama hupati ujumbe wa onyo, huenda umefunga jumbe za matangazo na onyo likazibwa humo humo.

Dalili: katikati ya mwezi spidi inashuka ghafla na haipandi saa yoyote

Hapa daftari linakusaidia. Kama alfajiri ilikuwa megabiti 20 na usiku 12, halafu kuanzia tarehe fulani ikawa 2 alfajiri, 2 mchana na 2 usiku, umefikia kikomo cha matumizi ya haki. Huduma nyingi zinazouzwa kwa jina la "bila kikomo" zina GB kadhaa za kasi kamili, na baada ya hapo intaneti inapunguzwa lakini haikatwi. Mnara hauwezi kutoa namba iliyonyooka namna hiyo saa zote; inayoinyoosha ni mashine ya mtoa huduma.

Mimi mwenyewe niliwahi kusaini mkataba wa mwaka mzima na kampuni moja kwa sababu neno hilo liliandikwa kwa herufi kubwa. Kikomo kilikuwa kwenye masharti, ukurasa wa nyuma, na muuzaji hakukitaja nami sikuuliza. Tangu siku ile kila ninayemsindikiza kununua huduma ya nyumbani namfundisha maswali haya ayaulize kwa sauti mbele ya kaunta: Ni GB ngapi kabla haijapunguzwa? Ikipunguzwa inakuwa megabiti ngapi? Hesabu inaanza upya tarehe 1 au siku niliyolipia? Rauta ni yangu au ni yenu? Nikitaka kuondoka kabla ya muda, nalipa nini? Muuzaji mkweli hujibu yote bila kukunja uso. Anayekujibu "wewe usijali" mwombe masharti kwa maandishi, ukakae nayo nyumbani.

Tiba ya dalili hii ni kurudi kwenye sehemu ya kwanza na kupunguza walaji, au kupanda kifurushi, au kuhama kwenda kwa mtoa huduma mwenye kikomo kikubwa zaidi. Hapa kuhama kunaweza kukusaidia kweli, ila linganisha kikomo na kikomo, usilinganishe tangazo na tangazo.

Dalili: alfajiri inakimbia, jioni inatambaa

Msongamano. Mnara ni kama gati la maji lenye koki tatu: alfajiri uko peke yako na ndoo inajaa mara moja, jioni mtaa mzima umepanga foleni na maji ni yale yale. Dodoma imekua kwa kasi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, na kuna mitaa ambayo nyumba zimeota upesi kuliko minara. Kuna misimu pia. Tangu Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiendelea, wageni ni wengi na nyumba za kulala zimejaa. Wateja wangu wa Area D na Kisasa huja na malalamiko haya zaidi miezi hiyo. Chuo kikifunguliwa, wanaokaa jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nao huanza.

Kabla ya kuhama kwa ajili ya msongamano, jaribu mambo mawili ya bure. Sogeza kazi nzito usiku mkubwa: masasisho, kupakua masomo, kupakia video. Simu unaweza kuiambia ifanye hivyo ikiwa kwenye chaji. Kisha ingia kwenye ukurasa wa rauta uone kama inakuruhusu kuchagua 4G peke yake au kuchagua masafa ya mawimbi (band). Rauta hung'ang'ania masafa yenye watu wengi wakati mengine ya mnara huo huo yana nafasi.

Ikishindikana, hapa ndipo kuhama kunapofaa zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sharti moja: upime mtandao mpya ukiwa nyumbani kwako, saa tatu usiku. Usipime dukani kwao Nyerere Square saa nne asubuhi. Nunua laini ya kawaida, jiunge na bando la wiki, iweke kwenye simu ya akiba na upime kila usiku kwa siku saba. Ukiwa na jirani anayetumia mtandao huo, mwombe muda wa dakika tano kila jioni. Nimeona nyumba mbili zinazotazamana Ipagala, moja ikifaidi mtandao ambao nyingine umeikataa, kwa sababu mlima na ghorofa jipya viliingia katikati. Ushauri wa mtu wa Kikuyu hauwezi kukusaidia wewe wa Msalato.

Dalili: intaneti ni dhaifu saa zote, au chumba kimoja ni kizuri na kingine hakuna kitu

Kwanza jua kama udhaifu uko kati ya mnara na rauta, au kati ya rauta na simu yako. Simama mita moja kutoka kwenye rauta upime. Ikiwa hapo ni nzuri na chumbani ni mbaya, tatizo ni waifai: kuta za tofali za saruji na mabati vinaimeza. Sogeza rauta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji. Hakuna kampuni itakayokutibia hilo.

Ikiwa hata karibu na rauta ni mbaya, tafuta kwenye ukurasa wake namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani. Huandikwa na alama ya kutoa, kwa hiyo −80 ni bora kuliko −110. Karibu na −80 ni nzuri, −95 unaishi nayo, −110 na kuendelea rauta inahangaika. Ihamishe dirisha hadi dirisha, ukisubiri dakika mbili kila mahali, na uandike. Tofauti ya upande mmoja wa nyumba na mwingine inaweza kuwa kubwa kiasi cha kukuokolea gharama ya kuhama. Kama bado ni hafifu, na uko Veyula, Bahi au pembezoni ambako mnara uko mbali, antena ya nje ya 4G iliyoelekezwa kwenye mnara husaidia, mradi rauta yako ina matundu ya kuichomeka.

Dalili: imekatika kabisa

Kama ni faiba, tazama taa. Iliyoandikwa LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako: waya umekatika au umechomoka. Usihangaike na mipangilio, ripoti tu. Mji unajengwa kila kona, katapila zinachimba, na waya za faiba hukatwa. Umeme ukikatika mtaani na mnara nao ukazima baada ya saa kadhaa, betri zake zimeisha.

Na zipo siku ambazo mitandao yote inazorota kwa pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizoumia kwa siku kadhaa. Watu walikuja dukani wakitaka laini mpya wiki hiyo. Niliwarudisha nyumbani.

Ukishajiridhisha kwamba ni kuhama

Kwa intaneti ya rauta, namba ya laini haina maana. Nunua laini mpya tu. Uliza kabla: rauta uliyonayo imefungwa kwa mtandao wake? Iliyouzwa kwa bei ya punguzo mara nyingi imefungwa, na itakataa laini ya mtandao mwingine. Omba mtoa huduma wako akufungulie kabla hujahama.

Kwa simu, namba ina maana kubwa, na huna haja ya kuipoteza. Tangu Machi 2017 Tanzania ina huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Piga *106# kwanza uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama laini unayotaka kuihamisha ilisajiliwa kwa jina la kaka yako, malizeni hilo kabla. Lipa deni lolote la vocha au la mkopo wa simu. Toa pesa yote iliyo kwenye akaunti ya simu, kwa sababu haihami na namba. Vocha na bando navyo havihami, kwa hiyo panga kuhama siku bando linaisha. Kisha nenda kwa wakala au duka la mtandao mpya na kitambulisho, na ukiwa hapo utatuma neno HAMA kwenda 15080 kwa laini ya zamani. Laini ya zamani ikizima, weka mpya. Ukishahama, ni mpaka zipite siku 30 ndipo unaweza kuhama tena, ndiyo maana nimesisitiza kupima siku saba.

Siku hiyo hiyo, jaribu ujumbe wa namba za siri kutoka benki na mifumo unayoitegemea ukiwa bado karibu na wakala. Nimemwona dada mmoja akikosa kuingia kwenye akaunti ya maombi siku ya mwisho kwa sababu alihama asubuhi na ujumbe ukachelewa. Usihame wiki yenye tarehe ya mwisho ya jambo lolote.

Kama mtoa huduma wa zamani anakukatalia au bado anakudai usivyostahili, lalamika kwake kwanza na uchukue namba ya malalamiko. Asiposhughulikia, peleka TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa hapa Dodoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Nenda na daftari lako la vipimo, jumbe za kujiunga na risiti. Malalamiko yenye tarehe na tarakimu husikilizwa haraka kuliko "mtandao wenu mbovu".

Rauta ya zamani ukitaka kumpa mtu, bonyeza kwa ncha ya kalamu kitufe kidogo cha kurejesha mipangilio ya kiwandani, ushikilie sekunde kama kumi hadi taa zizime na kuwaka upya. Usipofanya hivyo, neno lako la siri linabaki humo ndani.